Bunju katika Maji ya Pemba: Ushauri kwa Wavuvi, Wachuuzi na Familia

Katika kisiwa cha Pemba, ambako hori zilizozungukwa na mikoko hupenya ndani ya nchi kavu kutoka pande za Wete, Chake Chake na Mkoani, maarifa ya samaki hupatikana kwa kuvua, kupika na kula, na kizazi kimoja hukirithisha kingine kile ambacho kimethibitishwa na mazoea ya miaka mingi. Njia hiyo ya kujifunza imewatosha wavuvi kwa changu, tasi, chewa na pono, lakini haifai kwa bunju, kwa sababu mtu anaweza kumla samaki huyu mara kadhaa bila kudhurika, kisha akafa kwa kumla mwingine wa aina ileile, aliyevuliwa katika hori ileile na kupikwa na mikono ileile. Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua bunju, asili ya sumu yake, namna ya kumshughulikia chomboni, pwani, sokoni na jikoni, na hatua za kuchukua pale ambapo mtu ameshamla. Hoja inayoyaongoza ni kwamba usalama dhidi ya bunju hauwezi kuachiwa uzoefu wa mtu mmoja mmoja, bali unapaswa kuwa kanuni ya jamii nzima, nayo ni kutomla kabisa.

Kumtambua bunju

Bunju ni jina la samaki wa familia ambayo wataalamu huiita Tetraodontidae. Alama yao kuu ni meno manne, mawili juu na mawili chini, yaliyoungana yakawa mfano wa mdomo wa kasuku, ambayo bunju huyatumia kuvunjia magamba ya kaa, chaza na konokono wa baharini. Bunju hana magamba ya kawaida kama ya changu, na ngozi yake huwa laini au yenye vijiba vidogo vinavyokwaruza mkono. Hana mapezi ya tumboni, na tundu la matamvua yake ni dogo, mfano wa ufa mfupi mbele ya pezi la ubavuni. Anapotishwa hujaza tumbo lake maji, au hewa ikiwa ameshatolewa majini, na jambo hilo linawezekana kwa sababu mifupa yake haina mbavu za kulizuia tumbo lisitanuke.

Aina zinazohusika zaidi na maji ya midomo ya mito, mikoko na majani ya bahari ni mbili. Ya kwanza ni Arothron immaculatus, mwenye urefu wa sentimita 30 hivi, mwili wa kijivu au kahawia usio na madoa, weusi kwenye shina la pezi la ubavuni na ukingo mweusi wa mkia. Ya pili ni Arothron hispidus, anayeweza kufikia takriban sentimita 50, mwenye madoa meupe mgongoni na mistari myeupe tumboni, ambaye angali mdogo hukaa katika maji ya kina kifupi na akikua huonekana pia kwenye miamba ya matumbawe. Zote mbili zimeenea kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Bahari ya Pasifiki. Pamoja nao wapo bunju wa jenasi ya Lagocephalus, yaani kundi la aina zinazokaribiana kinasaba, ambao wana mwili mrefu, mgongo wa kijani au kijivu na ubavu unaong'aa kama fedha. Hawa ni wa kuogopwa zaidi sokoni, kwa sababu wasipovimba hufanana kwa mbali na samaki wa kawaida, na mmojawapo, Lagocephalus sceleratus, huweza kuzidi urefu wa mita moja, kiasi cha kumshawishi mtu aone kitoweo cha familia nzima.

Mvuvi hahitaji kukariri majina haya ya kitaalamu. Inatosha kushika kwamba samaki yeyote mwenye mdomo wa kasuku wenye meno manne, asiye na magamba ya kawaida wala mapezi ya tumboni, na mwenye uwezo wa kujivimbisha, ni bunju. Alama hizi zizingatiwe zote kwa pamoja, kwa kuwa pono naye ana meno mfano wa mdomo wa kasuku, lakini mwili wake umefunikwa kwa magamba makubwa, ana mapezi ya tumboni, na havimbi.

Asili na nguvu ya sumu

Sumu ya bunju inaitwa tetrodotoksini, jina ililopewa mwaka 1909 na mtaalamu wa Japani, Yoshizumi Tahara, na muundo wake wa kikemia ulifafanuliwa mwaka 1964. Uchunguzi umeonyesha kwamba chanzo chake ni bakteria wa baharini, ambao sumu yao hupita katika viumbe wadogo wanaoliwa na bunju, ikajilimbikiza katika mwili wake pasipo kumdhuru, kwa kuwa mishipa yake ya fahamu imeumbwa kwa namna isiyoathiriwa nayo. Kwa kawaida hukusanyika zaidi katika ini, mayai na vifuko vya mayai, matumbo na ngozi, na kwa baadhi ya aina, hasa katika jenasi ya Lagocephalus, minofu yenyewe huwa na sumu.

Kazi ya sumu hii mwilini ni kuziba vijia ambavyo kwavyo chembe za sodiamu huingia katika mishipa ya fahamu. Kuingia kwa chembe hizo ndiko kunakousafirisha ujumbe kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli, hivyo vijia vikizibwa misuli hukosa amri na hulegea, kuanzia midomo na ulimi, kisha mikono na miguu, na hatimaye misuli ya kifua na kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo na kuendesha pumzi. Kiasi cha miligramu 1 hadi 2 kinaaminika kutosha kumuua mtu mzima, ilhali punje moja tu ya mchele ina uzito wa miligramu 20 hivi. Mtoto, kwa kuwa mwili wake ni mdogo, huhitaji kiasi kidogo zaidi, na kwa sababu hiyo sahani inayomletea baba ganzi ya midomo tu inaweza kumuua mwanawe.

Sumu hii haiharibiwi na moto wa jikoni. Kuchemsha, kukaanga, kuchoma, kukausha juani na kutia chumvi hakuiondoi, na ndimu na tui la nazi haviivunji nguvu. Kwa kuwa huyeyuka katika maji, sehemu yake huhamia kwenye mchuzi, na mtu aliyekunywa chukuchuku bila kugusa nyama naye yumo hatarini. Pia, baada ya samaki kufa, sumu iliyomo katika ini na ngozi inaweza kupenya taratibu hadi kwenye minofu, hasa samaki akikaa muda mrefu au akigandishwa na kuyeyushwa, hivyo kumpasua na kutupa matumbo hakumgeuzi kuwa salama.

Kwa nini uzoefu hudanganya

Kiasi cha sumu hutofautiana kati ya aina na aina, kati ya dume na jike, kati ya msimu na msimu, na hata kati ya samaki wawili waliovuliwa siku moja mahali pamoja. Jike anayekaribia kutaga huwa na sumu nyingi zaidi katika mayai yake, na samaki aliyekula viumbe wenye bakteria wengi huwa mkali kuliko mwenzake. Hakuna dalili ya nje inayodhihirisha tofauti hizi, kwani sumu haina rangi, harufu wala ladha inayoweza kumzindua mlaji. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba amewahi kula bunju asidhurike anasema kweli, ila ukweli huo unahusu samaki aliyemla siku ile tu.

Historia imejaa watu waliodanganywa na kiasi kidogo au na ustadi mkubwa. Mwezi Septemba 1774, nahodha Mwingereza James Cook, akiwa New Caledonia, alionja ini na mayai ya bunju pamoja na wanasayansi Johann Reinhold Forster na mwanawe Georg. Usiku waliamka wakiwa na ganzi na udhaifu wa viungo, na nguruwe aliyekula matumbo ya samaki yuleyule akafa. Mwaka 1967, jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha taarifa ya mvuvi wa Zanzibar aliyefariki kwa sumu ya bunju, jambo linaloonyesha kwamba msiba huu umo katika kumbukumbu za kitabibu za visiwa hivi kwa zaidi ya nusu karne.

Wapo wanaotoa mfano wa Japani, ambako bunju huliwa kama chakula cha heshima, lakini mfano huo ukichunguzwa unathibitisha kinyume chake. Huko samaki hupasuliwa na wapishi waliofunzwa na kupewa leseni, wanaojua ni aina zipi na sehemu zipi zinazoruhusiwa, na bado mwigizaji mashuhuri wa Kijapani, Bandō Mitsugorō VIII, alifariki mwaka 1975 mjini Kyoto baada ya kula maini ya bunju mkahawani. Zaidi ya hayo, ujuzi wa Kijapani ulijengwa juu ya aina za bahari ile, na hauwezi kuhamishiwa kwa bunju wa mikoko ya Pemba. Umoja wa Ulaya, kwa upande wake, umepiga marufuku kuuzwa kwa samaki wa familia hii kama chakula, na msimamo huo ndio unaofaa mahali ambapo hakuna leseni wala maabara ya kupima kila samaki.

Pemba yenyewe imeshafundishwa kwa machungu kwamba mazoea ya kula hayatoi dhamana, japo kwa kiumbe mwingine. Mwezi Novemba 2021 watu saba kisiwani humo, akiwamo mtoto wa miaka mitatu, walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza wilayani Mkoani, watoto wanane na mwanamke mmoja walifariki na watu 78 walilazwa kwa sababu hiyohiyo. Sumu ya kasa si ile ya bunju, lakini mfanano wa kuzingatiwa ni mkubwa: nyama ambayo wengi walizoea kuila bila madhara iligeuka mauti siku moja, upishi haukusaidia, na walioumia zaidi ni watoto waliokula kile walichopewa na watu wazima.

Chomboni na pwani

Bunju huingia katika madema, nyavu na nyuzio zinazowekwa karibu na mikoko, na wakati wa bamvua, maji yanapotoka sana, huonekana pia katika vidimbwi ambako wanawake na watoto huokota chaza na kuchokoa pweza. Ushauri wa kwanza ni kumtenga mara tu anapoonekana, kabla hajachanganyika na samaki wengine kwenye tenga, kwa kuwa makosa mengi huanza pale ambapo samaki wadogo wa kila namna humwagwa pamoja na kugawanywa kwa mafungu bila kuchaguliwa. Akiwa hai inafaa arudishwe baharini, akiachiwa ndani ya maji badala ya kuinuliwa hewani, kwani akijaza hewa tumboni hupata taabu kuitoa na huweza kuelea hadi kufa. Kumrudisha kuna faida, kwa kuwa Arothron hispidus hula kaa, chaza na hata kiti cha pweza mwenye miiba anayeharibu matumbawe, na matumbawe hayo ndiyo makazi ya samaki wanaoliwa.

Bunju aliyekufa asitupwe mchangani wala jaani, ambako paka na kuku watamfikia na watoto watamchezea, bali azikwe katika shimo la kina kirefu mbali na makazi, au atupwe katika maji mengi nje ya ufuo. Asitumiwe kuwa chambo kwenye madema yanayolengwa kutoa kitoweo, wala kulishwa mifugo. Mvuvi aliyemshika anashauriwa kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na kuosha kisu na ubao ikiwa samaki amepasuka, na tahadhari iongezwe kwa mwenye vidonda vya mikono. Ajihadhari pia na meno yake, yanayoweza kukata ndoano na kujeruhi kidole.

Wavuvi wa dago, yaani wale wanaohama kwa wiki au miezi na kupiga kambi mbali na nyumbani, kama ilivyo desturi ya wengi wa Kojani, wanahitaji uangalifu wa pekee. Katika kambi samaki bora hutunzwa kwa ajili ya mnada na mabaki ndiyo huliwa, na hapo ndipo bunju asiye na bei huonekana kama kitoweo cha bure, ilhali hospitali iko mbali na chombo kimepwelewa. Nahodha wa kambi afanye iwe sharti lake kwamba bunju haingii chunguni, na sharti hilo lisemwe mbele ya wote siku ya kwanza, hasa kwa vijana wanaoanza kazi.

Sokoni na jikoni

Alama za bunju ziko kichwani na kwenye ngozi, kwa hiyo aliyekatwa kichwa na kuchunwa hutoa minofu myeupe isiyotofautika na ya samaki mwingine, na akipasuliwa na kuanikwa kuwa ng'onda hata mzoefu huweza kukosea. Mnunuzi anashauriwa kununua samaki mzima anayemtambua, au minofu kutoka kwa mchuuzi anayemfahamu na anayeweza kueleza alikoipata, na kuacha kipande kisicho na kichwa wala ngozi kinachouzwa kwa bei ya chini isiyo na maelezo. Mchuuzi naye, katika soko la Tumbe au katika diko dogo la kijiji, alinde jina lake kwa kukataa kununua samaki aliyechunwa ambaye hakumwona akiwa mzima.

Mpishi anayekuta bunju katika fungu la samaki mchanganyiko asijaribu kumnusuru kwa kumsafisha sana. Ikiwa amepasuka na maji yake yamewagusa wengine, njia ya tahadhari ni kutupa fungu zima, ingawa hasara hiyo ni nzito kwa nyumba yenye kipato kidogo. Kwa upande wa dini, Waislamu wengi wa Pemba hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu samaki wa baharini kuwa halali, lakini hukataza kula kitu chenye kudhuru mwili kwa ajili ya madhara yake, hivyo uhalali wa jumla wa samaki hauwezi kuwa hoja ya kumla bunju.

Mtu akishakula

Dalili za mwanzo kwa kawaida hujitokeza kati ya dakika 10 na 45 baada ya kula, ingawa huweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Huanza kwa ganzi na hisia ya kuchomwachomwa katika midomo na ulimi, ikafuatiwa na ganzi ya vidole, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kutembea kwa kuyumba, kisha ulimi huwa mzito, macho hushindwa kufumbuka na pumzi hupungua. Ganzi ya midomo baada ya kula samaki asiyejulikana ichukuliwe kuwa dharura kamili, na safari ya hospitali ianze wakati huohuo, bila kusubiri kuona kama itapita.

Hakuna dawa inayoiondoa sumu hii mwilini. Tiba ni kumsaidia mgonjwa apumue, kwa mashine ikilazimu, na kutunza shinikizo la damu hadi sumu itoke yenyewe, na aliyefika mapema huweza kupewa mkaa wa dawa unaonyonya sumu iliyobaki tumboni. Waliokula pamoja wote wapelekwe, hata wasio na dalili, pamoja na mabaki ya samaki ndani ya mfuko na maelezo ya saa aliyoliwa. Walio katika wilaya ya Mkoani wanayo Hospitali ya Abdalla Mzee, na kuna hospitali pia Chake Chake, Wete na Micheweni. Kwa wakazi wa visiwa vidogo kama Makoongwe, Fundo na Kisiwa Panza, chombo chenye mashine na mafuta ya akiba kinapaswa kupangwa kabla ya siku ya haja.

Njiani mgonjwa alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimzibe pumzi. Asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa, madafu, tui au dawa yoyote, kwa sababu koo linalolegea haliwezi kumeza na kinywaji huingia mapafuni. Pumzi ikikoma, apulizwe hewa mdomoni kwa mdomo, pua ikiwa imebanwa, takriban kila baada ya sekunde tano au sita kwa mtu mzima, na wasaidizi wapokezane bila kukata tamaa hadi wafike kwa mhudumu wa afya, kwa kuwa moyo huweza kuendelea kupiga wakati misuli ya pumzi imelala.

Jambo moja linahitaji kusisitizwa katika jamii inayoharakisha maziko kwa heshima ya maiti. Sumu ya bunju humlegeza mtu asiweze kufumbua macho, kusema wala kutikisa kidole, na mboni zake zinaweza kutoitikia mwanga, ilhali akili yake i macho na anasikia kila neno linalosemwa karibu naye. Kwa hiyo asihesabiwe kuwa amefariki kwa kutazamwa tu na jamaa, bali daktari athibitishe, na wakati wote huo asemeshwe kwa upole na kutulizwa kwa jina lake. Vifo vingi hutokea ndani ya saa chache za mwanzo, na aliyevuka saa 24 kwa kawaida hupona kabisa, hivyo kila dakika ya pumzi ya msaada ina thamani ya uhai mzima.

Wajibu wa shehia

Kanuni ya kutokula bunju itadumu ikiwa itafundishwa kabla ya msiba. Kamati za wavuvi za shehia zinaweza kubandika picha za bunju katika kila diko, masheha wakalitaja jambo hili katika mikutano ya hadhara, na walimu wa skuli na madrasa wakawafundisha watoto kumtambua samaki huyu na kutompeleka nyumbani. Mafunzo ya kumpulizia mtu pumzi yatolewe kwa manahodha na kwa wanawake wanaofanya kazi pwani, kwani hao ndio watakaokuwa karibu wakati ambapo daktari yuko mbali. Katika nyumba ambazo chungu husubiri kile kitakachotoka baharini, si haki kumwachia mama mwenye njaa ya wanawe aamue peke yake kama samaki aliyeletwa anafaa. Uamuzi huo unapaswa kuwa umeshafanywa na jamii yote, na majirani wawe tayari kumpa fungu jingine ili kukataa bunju kusimgharimu mlo wa siku.